Jumatano Isiyo na Maabara

Wiki ya kwanza ya chuo Linnea Hagstrom alitembea kama mtu anayeelea. Miti ya Minnesota ilikuwa bado kijani, jua la Agosti limejilaza juu ya nyasi, naye amekumbatia karatasi moja aliyoipaka rangi mwenyewe: kemia bluu, biolojia kijani, hisabati njano, fizikia nyekundu. Kila alipoitazama alijiona akipita kwenye korido ndefu yenye mwanga, wagonjwa wakigeuza nyuso kumtazama. Alikuwa na miaka kumi na minane, na ndoto za mchana hazijakatazwa na mtu.

Profesa Pruitt, mshauri wake, mama wa kemia mwenye ulimi wa pilipili, hakuona korido yoyote. Chuoni hapo mwanafunzi mpya hajiandikishi hata somo moja mpaka mshauri amfungulie kufuli kwenye kompyuta, na Pruitt alilikalia kufuli lile kama kuku anayeatamia.

“Sayansi tatu na hisabati juu yake, muhula wa kwanza? Wewe binti, nani kakuroga?”

“Shuleni nilikuwa wa kwanza, Profesa.”

“Humu ndani wote mlikuwa wa kwanza. Haya, maabara umeziweka wapi?”

“Maabara?”

Wala si yeye wa kwanza kujikwaa hapo. Ratiba huonyesha vipindi vya darasani kwa herufi kubwa. Maabara zimejificha chini, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, na kila moja inakula alasiri nzima. Pruitt alichukua penseli akaanza kuziba nafasi. Jumatatu biolojia, Jumanne kemia, Jumatano fizikia, Alhamisi mazoezi ya hisabati, Ijumaa mitihani midogo ya wiki. Jumamosi na Jumapili Linnea alikuwa ameshapangiwa kazi jikoni mwa chuo.

Linnea akatafuta alasiri iliyobaki wazi, asipate hata moja. Chuo hiki alikichagua kwa sababu ya Bibi Ardis, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na ambaye sasa aliishi kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka bibi. Kati ya saa nane na saa kumi mchana tu ndipo akili ilipomrudia, akamwita Linnea kwa jina lake. Jioni hakumjua mtu.

“Nikiacha moja, vyuo vya udaktari vitaniona mvivu,” alisema Linnea.

“Ukifeli mbili vitakuonaje? Alama mbaya haifutiki, mwanangu, itakufuata mpaka huko. Mshika mbili moja humponyoka, wewe umeshika nne! Fizikia isubiri mwaka wa tatu. Fizikia haizeeki.”

Linnea akachukua kifutio akafuta nyekundu, na iliuma, maana aliona kama anaufuta mlango wa korido ile. Pruitt akafungua kufuli.

Jumatano ya kwanza alivuka daraja polepole, maji yakimeremeta chini yake, amevaa sweta yake nyeupe. Alimkuta bibi kwenye kiti cha dirishani, nuru imemfunika magoti. Saa nane na nusu.

“Karibu, daktari,” alisema bibi. “Kaa.”

“Bibi, ni mimi.”

“Si nakuona?” Bibi akampapasa mkono. “Nina mjukuu yuko chuo, hapo ng'ambo. Msije mkamwita, tafadhali. Ana masomo mengi, maskini.”

Linnea alitazama saa ya ukutani, akaitazama tena. Alitaka kupiga kelele kwamba saa hizi ni zake, kwamba amezilipia kwa somo zima.

“Jumatano hana darasa, bibi,” alisema mwishowe. “Jumatano anakuja.”

“Kweli?” Uso wa bibi ukachangamka. “Basi tumngoje.”

Wakashikana mikono, wakamngoja mpaka saa kumi.