Jina Lililochomwa Ndani ya Mguu

Umeiona ile barua. Usikane. Ile yenye muhuri mwekundu na maneno "ILANI YA MWISHO", inayosema jina la mtandao la biashara yako, au la shule ya mwanao, au la chama chenu, linakufa usipolipa upesi. Uliisoma nusu, ukaichomeka chini ya rundo la makaratasi, ukasema ajuaye mambo hayo atayashughulikia. Ajuaye ni nani? Shingo yako naijua. Ndiyo hiyohiyo inayogeuka nikipita na mguu wangu wa kuundwa: unaangalia ukuta, unaangalia anga, unaangalia kila kitu ila mguu. Leo utauangalia.

Mguu wangu wa kulia niliuacha kiwandani, kwenye mashine ya kukandamiza mabati. Kinga yake ilikuwa imevunjika, na meneja alisema itatengenezwa mwezi ujao. Mwezi ujao haujafika hadi leo. Jina la meneja nalikumbuka, na la mkewe, na rangi ya gari lake, lakini hadithi hii si yake. Ni ya mguu nilioupata baada ya ule.

Uliundwa kwenye karakana iliyo nyuma ya mtaa wa wauza vyuma. Ukiingia, unapokewa na harufu kali ya gundi, kisha vumbi jeupe la plasta, kisha unainua macho na kuona miguu inaning'inia darini, kila mmoja unamsubiri mwenyewe. Mwenye karakana tulimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hapakuwa na fundi mwingine. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kukukabidhi mguu alipasha moto chuma chembamba, akachoma maandishi ndani ya kikombe, pale kinapoingia kigutu, kile kipande cha mguu kilichosalia: jina la tovuti yake, na chini yake namba ya mguu wako. Jina lenyewe silitaji hapa, maana wezi nao husoma. Ukiliandika kwenye simu na kuweka ile namba, unatokea mchoro wa mguu wako, wako wewe, si wa mwingine: urefu, mpindo wa kifundo, aina ya mkanda, hata mahali kigutu chako kinapouma. Mkanda ukikukatikia ugenini, fundi yeyote, hata wa viatu, anautazama mchoro na kukurudisha barabarani.

Duka likitaka kubadili jina hupaka ubao rangi. Jina hili limechomwa ndani ya watu, na watu hao wamekwenda zao, wamehama, wamevuka mipaka. Hakuna awezaye kuwafuata mmoja mmoja akawaambia wavue miguu afute.

Fundi alifariki. Karakana ikabaki kwa mkewe, tunayemwita Shangazi, ambaye alijifunza kazi mikononi mwake na kabla ya hapo alikuwa mteja wake wa kwanza. Mguu namba moja ni wake. "Alinipima mguu kabla hajanipima tabia," husema, "ndiyo maana mguu ulinikaa mapema kuliko ndoa." Makaratasi ya karakana aliachiwa mdogo wa marehemu. Kwa kuwa Shangazi alimwita Shemeji, sote tukamwita Shemeji, hata sisi ambao hatujaoa kwao.

Shemeji ndiye aliyenipigia simu. Mimi huitwa Kipaza, kwa sababu nasimama juu ya kiti pale mtaani nikayasema yale ambayo wenzangu wanayameza. Mambo ya mtandao hakuna aliyenifundisha. Niliyasoma mwenyewe nikiwa nimelazwa, kwa hasira, baada ya kugundua kwamba kiwanda kilikuwa kikiandikiana na bima juu ya mguu wangu bila mimi.

Nilipoingia, Shangazi alikuwa anapiga msasa. "Kipaza huyo," akasema bila kuinua kichwa. "Miguu yangu, zibeni masikio."

Shemeji akanivuta pembeni akanipa barua, ile yenye muhuri mwekundu. Alikuwa ameshaitia saini. Wenye barua walitaka fedha inayotosha kununua pipa zima la gundi, na ndiyo fedha hiyohiyo ya pipa aliyokuwa tayari kuwatumia. Wagonjwa, alisema, wangevumilia kidogo. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemkwamisha. Barua ilidai pia namba ya siri ya kuhamishia jina, naye hakujua inapatikana wapi. Hicho ndicho alichoniitia. Niende nikamsaidie kumkabidhi mwizi ufunguo.

Nikamwuliza hawa ni akina nani. Akashangaa: ofisi ya majina, bwana, si unaona muhuri? Nikamwambia muhuri hata mimi nauchonga kwa kiazi. Kisha nikaisogeza barua dirishani nikayatafuta maandishi ya chini kabisa, yale madogo yaliyofifishwa kwa makusudi ili macho yaliyochoka yayaruke. Yalisema hii si ankara, ni pendekezo la kulihamishia jina lako kwetu. Nikamsomea. Nikamsomea tena, polepole.

Shemeji si mjinga, ni mwoga wa madeni tu. Akaniambia: "Sawa, hao wezi. Lakini tarehe ya mwisho waliyoandika wameitoa wapi?"

Swali zuri. Majina ya mtandao yana rejesta ya wazi. Mtu yeyote, hata wewe na uvivu wako, anaweza kuiuliza kwa simu: jina hili limesajiliwa kupitia kampuni gani, na linaisha lini. Nikaiuliza. Tarehe ilikuwa ileile, Ijumaa ya wiki ile. Wezi walikuwa wamesoma palepale niliposoma mimi. Mwongo hodari hajengi hewani, hukopa kiwanja kwa ukweli. Ila rejesta ikatuonyesha na jambo jingine, ambalo barua haikulitaja: msajili wa kweli, kampuni aliyoichagua Fundi mwenyewe, yenye jina tofauti kabisa na la wale wa muhuri.

Tukafungua ukurasa wa msajili huyo. Nenosiri hakuna aliyelijua. Nikabonyeza pale pa waliosahau. Tukajibiwa kwamba kiungo cha kuweka nenosiri jipya kimetumwa kwenye barua pepe ya mwenye jina, na anwani ikaonyeshwa nusu, ya mbele imefichwa, ya nyuma iko wazi. Ile nusu ya nyuma nikaisoma mara mbili.

Ilikuwa ni jina lilelile. Fundi alisajili jina, akajifungulia barua pepe inayokaa ndani ya jina hilo, halafu akaiandikisha barua pepe hiyohiyo kuwa ndiyo ya kulilindia jina. Ni sawa na mtu anayetundika ufunguo wa nyumba sebuleni. Mlango ukiwa wazi huoni ubaya wake. Ijumaa jina likizimwa, barua pepe inazimwa nalo, na ufunguo unabaki ndani ukituangalia.

Nikauliza marehemu alikuwa akizisoma wapi barua zake. Shemeji akamtazama Shangazi. Shangazi akauweka msasa chini.

Simu ya Fundi ilikuwa kwenye mtoto wa meza, imeviringishwa kwa kitambaa alichokuwa akifutia mikono. Tangu mazishi Shangazi alikuwa akiitia chaji, akihakikisha haifi, lakini hakuwahi kuifungua. Sikumwuliza kwa nini, na wewe usiniulize.

Mimi nimewahi kuhutubia watu mbele ya ngao na mbwa wa polisi, lakini pale niliishusha sauti. Nikamweleza taratibu kwamba tukilikosa jina, atakayeliokota ndiye atakayekuwa mwenyeji wa miguu yote. Mtu atakuwa porini mkanda umekatika, ataliandika jina kama alivyoelekezwa, na atakayemfungulia mlango ni mwizi.

Shangazi akakaa. Akakiweka kiganja cha mkono juu ya goti lake la kuundwa, namba moja, kama mtu anayemshika mwenzake mkono. "Usinisemeshe," akaniambia. Akaifungua simu, kidole kikapita kwenye kioo bila kusita, kinaijua njia. Shemeji akamwashia mtandao kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kisha Shangazi akailaza simu ya mumewe juu ya benchi, tukangoja.

Mwanzo haikufanya kitu. Halafu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Baada ya hapo haikukoma. Barua zote zilizokuwa zimesimama mlangoni tangu Fundi alipozikwa zikaanza kuingia, na kila moja ikaisukuma simu kidogo, na simu ikaanza kutembea. Sipambi maneno. Ilitembea. Ilipita juu ya vumbi la plasta ikiacha mfuo nyuma yake, ikaipita koleo, ikauzunguka mkebe wa misumari, ikaendelea. Juu yetu miguu ilikuwa imetulia kimya, dari nzima, na kilichokuwa kikitembea mle ndani ni kile kidude peke yake. Sisi watatu tulisimama tukikitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono kukizuia. Mimi, Kipaza, ninayezungumza hata usingizini, nilijikuta nimevua kofia.

Ilipofika ukingoni mwa benchi Shangazi akaidaka, na hata mkononi mwake iliendelea kutetemeka.

Walikuwa ni wenye miguu. Mpanda nguzo za umeme anayesema amerudi kazini na mguu haujamteleza. Mama anayeuliza kama mtoto aliyekua apimwe upya au mguu urefushwe. Fundi mwenzake wa mbali, aliyeandika kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, lakini ameambatanisha picha: kikombe kimefunguliwa, na ndani yake, wazi kabisa, jina letu lililochomwa. Mwanamke aliyeandika mstari mmoja tu, kwamba jana alicheza muziki. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba ukizivuta juu zilikuwa zinakimbia bila kufika mwisho. Na nyingi zilimsalimu kwanza, zikamwuliza hali.

Moja Shangazi aliisoma kwa sauti. "Fundi, siku hizi hujibu. Nimekukosea nini?"

Akaishusha simu. "Wanamwandikia," akasema. "Hawajui."

Katikati ya hizo tukakikuta tulichokuwa tunakitafuta: kiungo cha nenosiri. Na nyuma yake, zimelala kwa adabu, barua za ukumbusho kutoka kwa msajili wa kweli, hazina muhuri wala vitisho. Bei ya kulihuisha jina kwa mwaka mzima ilikuwa haifiki bei ya bizimu mbili za mkanda. Shemeji akaisoma, akaitazama ile barua yake yenye saini, akakaa juu ya gunia la plasta na suruali yake safi.

Yaliyobaki tuliyafanya mchana uleule. Tukalipia miaka mingi kadiri walivyoruhusu. Tukamwandikisha Shangazi kuwa mwenye jina, kwa jina lake kamili, kwa maana aliyezikwa hajibu barua. Tukatoa anwani nyingine ya barua pepe, isiyokaa ndani ya nyumba ile, ili ufunguo safari hii uning'inie nje, kwa jirani. Tukawasha kufuli linalozuia jina lisihamishwe mpaka mwenyewe alifungue. Ile namba ya kuhamishia, waliyoitaka wezi, Shangazi aliiona ilikokuwa, akasema ibaki hukohuko. Kisha nikairudia rejesta ya wazi, nikaiuliza upya kana kwamba mimi ni mpita njia. Tarehe ilikuwa imesonga mbele, mbali.

Nikafungua mkanda, nikauvua mguu wangu, nikauinamisha dirishani. Maandishi yalikuwepo. Jasho langu la miaka yote halijayafuta. Nikayapitisha kidole. Ni herufi chache tu. Hazina uzito, hazina kivuli, huwezi kuzishika ukasema hizi hapa. Zimeegemezwa kwenye malipo madogo na anwani moja ya barua pepe, basi. Na juu ya hizo herufi wamesimama watu, wanapanda nguzo, wanacheza muziki, wanavuka barabara. Nimeishi kwa kuchukia vitu vikubwa. Sikujua kwamba kitu kidogo hivi kinaweza kubeba mengi hivi.

Shangazi alikuwa ameanza kujibu. Nilichungulia begani kwake. Aliandika: "Hukumkosea. Mimi ni mkewe. Fundi amefariki. Mguu wako bado uko hapa, uliza." Akatuma, akaanza nyingine.

Shemeji alitaka kuichana ile barua ya muhuri. Nikamkatalia. Kesho yake nilipanda juu ya kiti changu pale kwa wauza vyuma nikaisoma yote, hadi maandishi madogo ya chini. Muuza rangi akaenda dukani kwake akarudi na ya kwake, ileile, jina tu tofauti. Mwenye chuo cha ushonaji akasema yeye huwalipa kila mwaka, akidhani ndiyo sheria, na akasema hivyo kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Na wewe ulikuwepo. Nilikuona. Uliposikia neno barua uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Viatu viwili, hongera.

Sasa inuka. Usinambie kesho. Ivute ile barua kutoka chini ya rundo. Uliza rejesta jina lako linaisha lini na msajili wako wa kweli ni nani, kisha nenda kwake kwa miguu yako, si kwa kiungo ulicholetewa. Tazama jina limeandikwa kwa nani, kama bado yu hai, na ufunguo umetundikwa wapi. Kuna mtu mahali fulani amesimama juu ya herufi zako wala hajui. Weka chini unachosoma. Fungua simu.