Chavua ya Kabati la Kumi na Nne

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mbandikaji alifungua kabati la kumi na nne akakuta vumbi la njano kwenye rafu ya tatu. Alilichota kwa ncha ya kidole, akalinusa, akalitazama kwa hadubini. Ilikuwa chavua, mbichi, ya asubuhi ile ile. Ilikuwa imetoka kwenye tawi lililokaushwa miaka ishirini na sita iliyopita, likabandikwa kwa gundi juu ya karatasi nene na kushonwa kwa uzi mahali shina lilipokuwa gumu. Maua yake yalikuwa yamefunguka. Mbandikaji alichukua kitambaa kibichi, akafuta rafu, akafunga kabati, akaenda kupasha gundi.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kubandika mimea iliyokufa. Mmea ukiletwa hebaria, yaani nyumba ya mimea mikavu, hubanwa kati ya magazeti mpaka ulale bapa, hukaushwa, hubandikwa, kisha hupewa lebo kwenye pembe ya chini ya kulia: familia, jenasi, spishi, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeukusanya. Wataalamu wanaweza kuugombania mmea miaka mia, wakauhamisha kutoka jenasi hii kwenda ile kama mpangaji msumbufu. Jina la mkusanyaji halina ugomvi. Lililoandikwa ndilo hilo hilo mpaka mende waile karatasi.

Tawi lile lilikaa ndani ya jalada jekundu kwa sababu lilikuwa la kwanza la spishi yake kujulikana, na mpaka siku hiyo la pekee. Lebo ilisema lilikusanywa na Mkuu wa taasisi, enzi hizo bado ana nywele. Mti wenyewe aliupa jina la baba mkwe wake, mtu ambaye hakuwahi kupanda hata kitunguu. Maua yote yalikuwa ya kiume: stameni tupu, hakuna ovari, hakuna mahali pa tunda kushika. Mkuu aliandika makala ndefu kueleza kwamba mti huo hauna jike, kwamba huzaana kwa machipukizi ya mizizi tu, na kwa makala hiyo akapandishwa cheo.

Siku ya pili chavua haikukaa rafuni. Ilishuka sakafuni, ikapita chini ya mlango katika mstari mwembamba, upana wa kamba ya kiatu, ikateremka ngazi kipandio kwa kipandio mpaka getini. Mfagiaji aliifagia. Alipogeuka ilikuwa pale pale. Akaenda kwa mbandikaji na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Dada, huko juu mnakula nini?"

"Hatuli kitu."

"Mimi nafagia jengo hili mwaka wa kumi na moja. Vumbi nalijua. Hili lina mahali linakwenda."

Mlinzi wa geti, ambaye alimpekua hata mama mzazi wa Mkuu alipokuja kumsalimia mwanawe, alichuchumaa akalichunguza. Kisha akafungua daftari la wanaotoka, akaandika: Saa mbili na dakika kumi. Vumbi la njano. Limetoka bila mzigo. Kwenye safu ya kibali aliweka alama ya kuuliza, na kwa alama hiyo mambo yakaanza kuharibika.

Siku ya tatu, saa ya mapumziko, mbandikaji aliufuata mstari. Ulikwenda kando ya mfereji, ukasimama kwenye njia panda mpaka magari yakapungua, ukavuka. Ukapita duka la vipuri, kinyozi, posta. Kila kona uliyokata aliijua, maana hizo ndizo kona alizokata yeye kila jioni. Mstari uliingia chini ya mlango wa bati wa nyumbani kwao, ukazunguka nyuma ya nyumba, ukapanda shina la mti uliokuwa kando ya kamba ya kuanikia nguo. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda anautazama.

"Jana limekuja, leo limekuja," mama alisema. "Umemwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu."

"Nionyeshe soli."

Mbandikaji akavua viatu. Mama alizigeuza soli juu, akapitisha kidole, akamrudishia. Hazikuwa na njano hata kidogo. Hata hivyo hakuonekana kuridhika.

Miaka ishirini na sita nyuma, mama huyo alikuwa mpishi wa safari za taasisi. Ni yeye aliyeuona mti wa kwanza, akitafuta kuni juu ya mwamba, akavunja tawi na kumpelekea kijana mtaalamu ambaye wiki nzima alikuwa hajaambulia kitu ila nyasi. Alimweleza kwamba maua hayo ni ya kiume, kama ya mpapai dume, na kwamba ng'ambo ya kijito upo mti mwingine, wa kike, wenye matunda. Mtaalamu alimwambia aangalie sufuria zake, zinaungua. Basi akavuka peke yake, akala tunda moja, akafunga mbegu kwenye pindo la nguo. Walipokuwa wanakunja mahema aliuliza, mbele ya watu, kama jina lake litaandikwa kwenye karatasi. Kabla jua halijazama lenzi ya mkononi ya mtaalamu ilikuwa imepotea, na kabla gari halijafika mjini mpishi alikuwa ameshafukuzwa kwa wizi.

Mbegu aliipanda nyuma ya nyumba. Ikaota, ukawa mti, na kila mwaka mti ukatoa maua ya kike, kila ua na ovari yake ndogo na stigma yenye utomvu iliyo tayari kunasa chavua. Yalingoja, yakanyauka, yakapukutika. Sasa, kwa mara ya kwanza, ovari zilikuwa zinavimba.

Kule kwenye taasisi mpishi hakusahaulika. Kalamu ikipotea, wanasema Mama Lenzi kapita. Kijiko cha sukari kisipoonekana, Mama Lenzi. Wengi hawakujua hata kama ni mtu wa kweli. Mbandikaji alisikia, akacheka, akaangalia asicheke kuliko wenzake wala pungufu yao. Kwenye fomu ya ajira, mahali pa kazi ya mama, aliandika mfuaji nguo, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alikuwa na miaka mitatu ya kibarua, na barua ya kumwajiri moja kwa moja ilikuwa mezani kwa Mkuu ikingoja sahihi. Likijulikana ni mtoto wa nani, anamwaga unga siku hiyo hiyo. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa, na vyote viwili alikwenda navyo kazini kila siku.

Akaanza kufika kabla ya wengine. Alifuta mstari kwa kitambaa kibichi kuanzia kabatini hadi getini, akiwa amepiga magoti, na mstari ukatoka upya nyuma yake bila haraka.

Mkuu alilisoma daftari la geti mwisho wa wiki. Kwamba tawi lililokufa linatoa chavua hakukumsumbua. Mimea ina mambo yake. Kilichomkosesha raha ni mali ya taasisi kutoka bila kibali, na kwa anavyojua yeye, mali haitoki bila mtu. Akabadilisha vitasa. Akaamuru mikoba imwagwe mezani, kisha viatu vivuliwe. Akampeleka mlinzi wa mbele nyuma na wa nyuma mbele, halafu akawarudisha, kwa kuwa hakumwamini yeyote kati yao mahali popote. Karani wa maktaba alikutwa na njano kwenye mkono wa shati, akaandika maelezo kurasa mbili kabla haijagundulika kuwa ni yai. Watu wakawa wanasalimiana wakiangaliana viatu.

Mbandikaji naye aliitwa.

"Wewe ndiye unayefungua kabati hilo," alisema Mkuu.

"Ndiyo, Mkuu."

"Unakaa upande gani?"

"Upande wa posta."

"Wanaokaa upande huo ni wengi?"

"Wengi sana, Mkuu."

Mkuu aliandika neno wengi. Kisha akaichukua ile barua ya ajira, akailaza kifudifudi.

Wiki ya tano, baada ya kumaliza kuwashuku watu wote waliokuwepo, Mkuu alikata shauri kulifuata vumbi lenyewe. Alimchukua mlinzi, na mbandikaji akabebeshwa mbao za kubania mimea, magazeti na lebo tupu. Njia nzima mbandikaji aliomba moyoni chavua ikate kona nyingine, hata moja tu. Haikukata.

Mama alikuwa anaanika shuka. Aliwaona wakiingia, akaona wa mwisho wao ni nani na amebeba nini, na uso wake haukubadilika.

"Hodi," alisema mlinzi, akiwa ameshaingia.

"Karibuni."

"Shikamoo, mama," mbandikaji alisema, kama ambavyo mtu yeyote angemwamkia mwanamke wa umri ule.

"Marahaba, binti. Angalia usikanyage mizizi."

Mbandikaji akajua kwamba mama yake amemkana ili amwokoe. Aliinama akajifanya anapanga magazeti.

Mkuu alikwenda moja kwa moja mtini. Matunda yalikuwa yamewiva, mekundu, ukubwa wa harage, na juu yake tawi moja lilikuwa bado na maua. Alitoa lenzi iliyoning'inia shingoni, akapasua ua kwa ukucha, akatazama ovari kwa muda mrefu.

"Jike," alisema. Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nashuku hivi tangu mwanzo."

"Lenzi hiyo ina uzi wangu," mama alisema.

Mkuu akautazama uzi. Ulikuwa mwekundu, umefungwa mafundo mawili.

"Nilikufungia mimi," mama aliendelea, "isianguke ukiinama kijitoni."

"Ndiyo. Ilipatikana."

"Lini?"

"Wiki ile ile. Ilikuwa ndani ya buti langu."

"Mbona hamkuniita?"

"Faili lilikuwa limeshafungwa, mama," alisema Mkuu, na alisema kwa huruma ya kweli.

Mlinzi alikohoa. Alimtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza, kisha akatazama mikono yake iko karibu na nini.

Mkuu alikata tawi moja lenye maua na matunda. Mama hakumzuia. Aliuliza tu, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya sabuni, safari hii karatasini wataandika nani. Mkuu akajibu kwamba utaratibu utafuatwa.

"Andika," alimwambia mbandikaji. "Wewe una mwandiko mzuri."

Mbandikaji aliandika amechuchumaa, lebo juu ya goti. Familia, jenasi, spishi. Mahali: mjini, nyuma ya nyumba ya kuishi. Asili ya mmea: umeota wenyewe.

"Umeota wenyewe?" aliuliza.

"Mtu hapandi spishi ya jalada jekundu bila kibali," alisema Mkuu. "Kibali hakipo. Kwa hiyo umeota wenyewe."

Ikabaki nafasi ya mkusanyaji. Mama alikuwa ametandaza shuka la mwisho kwenye kamba, na uso wake ulikuwa nyuma ya shuka. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, na haikusogea. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mbandikaji alikuwa ameiandika nafasi hiyo mara nyingi kichwani, tangu siku ya kwanza ya kibarua, na kila mara alijua aandike nini na kwa herufi kubwa kiasi gani. Mkuu akamtajia jina lake mwenyewe polepole, herufi moja moja, kama kwamba binti angeweza kulikosea. Akaliandika.

Tawi jike likakaushwa, likabandikwa, likawekwa kwenye jalada jekundu pamoja na lile dume, karatasi juu ya karatasi. Asubuhi iliyofuata chavua haikutoka kabatini. Mfagiaji alipita mara mbili kuhakikisha, kisha akaenda zake. Mlinzi aliandika: Vumbi halijatoka, akapiga mstari chini. Mkuu alianza makala mpya kueleza kwamba mti huo una jike, kinyume na walivyodhani baadhi ya wataalamu. Ijumaa alitia sahihi barua.

Mbandikaji alifika nyumbani nayo mkononi. Mama alikuwa anachuma matunda yaliyobaki, anayatia kwenye beseni.

"Imesainiwa," alisema.

"Hongera, mwanangu." Na alifurahi kweli, alijifuta mikono kwanza kabla ya kuishika barua, akaisoma yote mpaka kwenye muhuri. Akairudisha. "Na kwenye lebo uliandika jina la nani?"

"Alilonitajia."

Mama akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Hakumlaumu. Angegomba, au angelia, mbandikaji angejua pa kuanzia. Alikaa akakamua mbegu kutoka kwenye nyama ya tunda, moja moja, akazipangusa kwa kitambaa, akazifunga kwenye karatasi na kuingia nazo ndani. Mbandikaji alisikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni, kifuniko kikishuka, kisha mlio ambao haukuwahi kusikika katika nyumba ile tangu azaliwe, wa kufuli likifungwa.

Mama alitoka akitumbukiza ufunguo kifuani, ndani ya nguo. Akamuuliza kama atakunywa chai sasa hivi au baada ya kuoga.