Kaimu Farasi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, pale Mkurugenzi wa mji alipowaleta wageni wake bandani kwetu, kila mmoja na kipande cha keki mkononi.

Mji ulikuwa na farasi wawili wa kuvuta gari la sherehe. Dume tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alitembea kama mtu anayejua kwamba kikao hakianzi bila yeye. Jike, mweupe, tulimwita Bibi. Mimi kazi yangu ni kufagia: mavi, nyasi kavu, na chochote ambacho wakubwa huacha nyuma yao. Nikasema, "Wakubwa, tumbo la farasi ni la nyasi." Mkurugenzi akaniambia nifagie. Mheshimiwa aliikataa ile keki, akawapa mgongo. Bibi alikuwa na adabu mno, akala vipande vyote.

Jioni akaanza kujigaragaza, akinyanyua kichwa kulitazama tumbo lake kama anayeuliza huko ndani kuna nini. Daktari wa mifugo, dada mmoja mfupi mwenye viatu vya mpira, alihangaika naye mpaka Bibi akakata roho.

"Farasi hatapiki, baba," aliniambia akinawa mikono. "Hajaumbiwa hivyo. Kilichoingia kimeingia."

Wakubwa nao wako hivyohivyo, ila wao hawafi.

Tangu hapo Mheshimiwa akagoma kula. Alisimama uso ukutani, masikio yameanguka pembeni, mdomo wa chini unaning'inia. Daktari akampima kila mahali, akamwita Mkurugenzi.

"Haumwi," alisema. "Farasi ni mnyama wa kundi, upweke humuua. Hata kulala halali. Mnamwona anasinzia amesimama, lakini ule ni usingizi wa kuibia. Usingizi wenyewe ni wa kulala chini, mara chache kwa siku, na halali chini mpaka awepo mwenzake wa kukaa macho. Mtafutieni mwenzake, la sivyo mtamzika na huyu."

Mkurugenzi akatafakari, mikono nyuma. "Farasi mpya ni mpaka kikao. Kikao ni mpaka akidi ya wajumbe itimie. Lakini nafasi ya farasi wa pili iko wazi, na nafasi ikiwa wazi utaratibu unajulikana. Tunakaimisha."

Macho yote yakanigeukia, mimi na fagio langu.

"Mzee," akasema kwa upole, "wewe umefiwa, yeye amefiwa. Mtaelewana."

Mke wangu alifia kwenye wodi ambayo mganga wake alikuwa amekwenda semina. Siku ile nafasi haikukaimiwa na mtu. Lakini nani alikuwa ananiuliza? Kesho yake nikawa Kaimu Farasi.

Afisa utumishi, kijana mwenye tai ndefu kuliko mamlaka yake, alikuja kunikagua.

"Farasi hula muda mwingi wa siku," akasema. "Kaimu anakula mara ngapi?"

"Mara moja, nikijaliwa."

"Tutasema una lishe maalumu. Umri?"

"Umri wa farasi husomwa kwenye meno," daktari akadakia, akamfungua Mheshimiwa mdomo. "Huyu amekaribia ishirini. Akitunzwa anafika hata thelathini."

Afisa akageuka, akanisubiri. Nikafungua mdomo, nifanyeje? Daktari akachungulia, akauma mdomo asicheke. "Huyu andika mtu mzima."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Daktari alinifundisha farasi wanavyosimama pamoja: kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja akimfukuzia mwenzake nzi wa usoni. Mheshimiwa alikuwa na mkia, mimi nilikuwa na fagio. Siku za kwanza alinivumilia tu, kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Kisha asubuhi moja sikio lake likanigeukia. Akashusha kichwa, akang'ata nyasi, akatafuna polepole, upande kwa upande. Nikaenda nyuma ya banda, nikakaa huko kidogo. Sitaki kusema nilifanya nini.

Wiki haikuisha, mchana wa jua kali, akakunja miguu ya mbele, akashuka chini. Akajinyoosha, akakoroma. Nikasimama nikamlinda, nzi asitue. Alipoamka akanitazama, akasimama pembeni yangu, hasogei. Nikaelewa kwamba sasa ni zamu yangu.

Tangu aondoke mama watoto nilikuwa nalala kitako kwenye kiti, taa inawaka, nikishtuka kila mlango ukilia. Siku ile nililala kwenye nyasi, kwato za mnyama mzito kama gari zikiwa jirani na kichwa changu, na sikushtuka. Aliyeniamsha ni afisa utumishi.

"Kaimu, unalala chini saa za kazi? Farasi hulala amesimama."

"Mwenzangu yuko macho," nikamwambia. "Muulize."

Akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akapuliza pua, na tai ikapata mvua.

Jumapili binti yangu alikuja nyumbani na uso umekunjwa. "Baba, sokoni wananiita mtoto wa farasi."

"Waambie si farasi. Ni kaimu."

"Unanitania? Mtu mzima na heshima zako, unasimama bandani unapigwa mkia?"

"Ananifukuzia nzi, mama. Wewe mara ya mwisho umenifukuzia nzi lini?"

Akanisogelea, akanitazama chini ya macho. "Baba, unalala siku hizi?"

"Mchana, bandani. Tunapokezana."

Akakaa. Hakulitaja tena soko. Alipoondoka aliacha karoti kwenye meza, na hakusema ni za nani.

Ndipo akidi ikatimia. Kikao kikaarifiwa kwamba mji una farasi wawili, wote wana afya njema, wote wanalala vizuri. Wakapiga makofi. Kisha mjumbe mmoja akasema mji wa jirani hauna hata mmoja, na wanatarajia mgeni mkubwa. Basi wakaazimia: tuliojaliwa tuwagawie wenzetu. Farasi mmoja ahamishwe.

Lori likaja asubuhi. Dereva akashusha ubao wa kupandia, akachungulia bandani. "Nimeambiwa nichague mmoja kati ya wawili. Mwingine yuko wapi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Mzee wangu, nimetoka mbali."

"Ni kweli," akasema afisa utumishi. "Yeye anakaimu."

Dereva akavua kofia, akajipepea. "Sasa nipakie yupi?"

Akaitwa Mkurugenzi. "Anayevuta gari ndiye anayekwenda," akasema. "Swali gani hilo?"

"Basi nakwenda naye," nikasema.

"Haiwezekani. Mkiondoka wote wawili, mji utabaki bila farasi."

"Nikibaki mimi, mji utakuwa na farasi?"

"Utakuwa na kaimu. Kisheria inatosha."

Wakamvuta Mheshimiwa kwa kamba, wakamsukuma, wakambembeleza. Alikita miguu minne ardhini kama nguzo. Nikapanda mimi ubao, naye akanifuata mwenyewe, kwato zikigonga mbao. Tukasimama ndani ya lori kama tulivyozoea, kichwa huku, mkia kule. Mkurugenzi akaniamuru nishuke. Mheshimiwa alikuwa ameanza kusinzia.

"Nitashuka," nikamwambia Mkurugenzi, "ukinijibu jambo moja."

Afisa utumishi akatazama viatu vyake. Dereva akazima injini. Jua limeshapanda sasa, tai imelegezwa, Mkurugenzi amekwenda kupiga simu kwa wakubwa zake na hajarudi, na mimi sijashuka. Kwani nimeuliza neno gumu? Huko anakopelekwa, ambako hakuna hata farasi mmoja, nani atakaa macho ili yeye alale?