Mayai ya Brayan

Bibi Tulinagwe aliposikia kaya yake imeangukiwa na bahati nasibu ya utafiti wa lishe, na kwamba mjukuu wake Brayan atapimwa pamoja na watoto wa mikoa mingine ili ijulikane nchi ina njaa kiasi gani, alichoka kabisa. Njaa? Kwake? Kihenge kimejaa mahindi mpaka kinatapika! Tena Gloria, bintiye anayefanya biashara Tunduma, mama mzazi wa huyo mtoto, alishasema kwenye simu: "Mama, wakimkuta na udumavu nakuja kumchukua." Looh! Bila Brayan, Bibi angebaki kupiga soga na kuku.

Basi ikawa kampeni. Kijiji kizima, huko juu milimani Ileje, kiliona aibu ya taifa inakuja kutua kwao. Mama Scola akaleta maharage, mzee Sadoki maziwa, wengine maparachichi. Bibi mwenyewe akasitisha trei za mayai alizozoea kumpelekea Gloria akauze, akawa anamchemshia mjukuu. Brayan, aliyelelewa kwa ugali na mboga za majani asubuhi na jioni, akatoka mashavu. Akawa anajikongoja hadi kwa majirani kudai chake, na ole wao wakichelewa!

Siku ikafika. Kijana mpimaji, Venance, akatoa shikamoo, akamzungushia mtoto utepe mkononi. Kijani, rangi ya afya! Mizani nayo safi. Majirani wakapiga vigelegele. Kisha akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akasoma, akarudia kusoma.

"Kulikoni, baba?" Bibi akauliza.

"Kilo zimekuja haraka, Bibi, ila urefu hauji kwa wiki chache. Ni mfupi kwa umri wake. Amekosa mchanganyiko wa vyakula."

"Na kihenge changu chote kile?"

"Kihenge ni mahindi matupu. Hivi mnavyomlisha siku hizi ndivyo alivyovihitaji tangu mwanzo, na vyote vinatoka hapahapa. Hajatimiza miaka miwili, anawahi. Msiache tu."

Bibi alishikwa na uchungu, akalia bila kujificha. Alipomaliza akafuta kamasi, akampigia Gloria mwenyewe na kumweleza yote.

Kesho yake Gloria akashuka kwenye bodaboda na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Akamkuta Brayan kakaa mlangoni, yai mkononi, maziwa mpaka puani.

"Kumbe mayai yangu yanaishia hapa!" akasema. "Wateja wananisumbua kila siku, Mama."

"Wateja wako walishakua, mwanangu," Bibi akamjibu. "Huyu bado."

Gloria akaweka begi chini. Akamtazama mwanawe anavyolishambulia lile yai, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Jioni akarudi Tunduma. Begi lilikuwa tupu vilevile, na mayai hakuyauliza tena.