Nguo ya Misa ya Mama

Padri Spiru alisema fuvu lile haliingii kanisani kwake. Alisimama kichwani pa jeneza, sebuleni kwetu Gzira, kisiwani Malta, akanikabidhi mkasi wangu mwenyewe aliouokota mezani. Mama alikuwa amelala kimya, jambo ambalo katika uhai wake hakulizoea. Mabegani nilikuwa nimemfunika nguo nyeusi, na kifuani, pale ambapo wanawake wengine huwekewa msalaba, palikuwa na fuvu jeupe la kushona lenye meno kupita kiasi.

"Lifumue, Dolor," alisema. "Kabla watu hawajaja."

Niliupokea mkasi nikautia mfukoni mwa aproni. Nikamwambia akae kitako kwanza, maana yeye aliletwa mtaani kwetu vita vimekwisha, na alichokuwa akikitaka kilikuwa na wenyewe.

Kaka yangu Wenzu alikuwa mpishi katika nyambizi ya Waingereza. Nyambizi yenyewe haikuwa na jina, namba tu, na Mama, ambaye namba hazikuwahi kumkaa kichwani, aliiita Jiko la Wenzu. Makao yake yalikuwa kisiwani Manoel, ng'ambo ya maji membamba mbele ya nyumba yetu, hata Wenzu akipiga mluzi Mama alimsikia kutoka roshanini. Mwaka ule wa arobaini na mbili tulipigwa mabomu mpaka tukasahau mbingu ilivyo bila ndege. Nyambizi zikirudi kutoka vitani hazikupata hata pa kupumulia. Mchana zilijizamisha humo humo bandarini, zikajilaza kwenye matope mpaka ndege zipite. Wenzu alipika huko chini. Alituambia kinachomuudhi si bomu, ni supu kumwagika.

Mabaharia wale walikuwa na desturi yao. Zamani mkubwa mmoja wa kwao alisema watu wanaopigana kwa kujificha chini ya maji ni maharamia, wakikamatwa wanyongwe. Wao wakaona, haya, kama ni maharamia basi na wapeperushe bendera ya maharamia. Tangu hapo nyambizi iliyorudi na ushindi iliingia bandarini na kitambaa cheusi chenye fuvu na mifupa miwili, na pembeni mwake mstari mweupe kwa kila meli ya mizigo iliyozamishwa, mwekundu kwa kila manowari. Jiko la Wenzu lilikuwa bado jipya, halina bendera. Na Wenzu, kwa domo lake lile, akawaahidi wenzake kwamba nyumbani ana dada fundi wa kushona.

Fundi alikuwepo. Kitambaa je? Kisiwa kilikuwa kimezingirwa, mkate tunapimiwa, mapazia yamekuwa magauni na magauni yamekuwa bendeji. Nilimwambia akawaambie wenzake wapeperushe sufuria.

Mama alisikia. Akafungua kasha, akatoa ghonnella yake, lile buibui letu sisi wanawake wa Malta, pana, lenye ukingo mgumu unaosimama kuuzunguka uso. Aliolewa nayo, alimzika baba nayo, na miaka yote alikuwa akitutangazia kwamba ndiyo atakayozikwa nayo.

"Mama, utazikwa na nini?" Wenzu aliuliza.

"Kwani mimi nakufa? Dolor, kata."

Nikakata. Wenzu alichora fuvu kwa mkaa juu ya foronya. Mama akalikagua, akasema halina meno, sasa litamng'ata nani? Nikaongeza meno. Akasema bado. Nikaongeza tena, mpaka fuvu likawa linacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Kitambaa chekundu kilitoka kwenye sketi yangu ya ndani, na mpaka leo najivunia kwamba yupo nahodha wa Kiitaliano ambaye manowari yake iliandikwa kwa sketi ya ndani ya Dolor Zerafa.

Siku nyambizi ilipoingia na bendera hiyo mara ya kwanza, Mama alipanda darini. Nilimsihi ashuke, king'ora kilikuwa bado kinalia. Akaniambia amekwenda misa na nguo ile maisha yake yote akiinamisha kichwa, nimwache aione imeinua kichwa. Akawapungia mabaharia waliojipanga juu ya mgongo wa chombo, na Wenzu akampungia kwa upawa wake wa kutekea supu. Nilikuwa na hasira na hofu, na nilikuwa nacheka.

Kila waliporudi, bendera iliteremshwa ikaletwa kwangu niongeze mistari. Ndivyo ilivyokuwa mapajani mwangu siku walipoamriwa kuondoka ghafla. Wenzu alipita mbio, hata hakuingia ndani, akaniita kutoka barabarani kwamba nimalizie tu, ataichukua akirudi. Mama alimtupia kipande cha mkate kutoka roshanini. Alikidaka kwa mkono mmoja, akatupigia saluti ya mzaha, akaenda.

Hawakurudi. Kwanza tuliambiwa wamechelewa. Baadaye tukaambiwa inadhaniwa wamepotea, na neno hilo *inadhaniwa* Mama alilitafuna wiki nzima. Kisha akaja afisa kijana, nguo zimepigwa pasi katikati ya vifusi vyetu, kofia kwapani. Alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Halafu akaomba bendera. Vitu vya nyambizi iliyopotea vilikuwa vikikusanywa vipelekwe Uingereza, vikatunzwe kwa heshima.

Nilimfasiria Mama. Alikuwa akimenya viazi viwili, chakula chetu cha siku, na hakuacha kumenya.

"Mwambie hiyo ni nguo yangu ya kwendea misa. Mfalme wake ana nguo zake."

Nilimwambia afisa. Akajibu kwa upole kwamba anaelewa, lakini bendera ni mali ya nyambizi.

Mama akaweka kisu chini.

"Mali ya nyambizi? Basi nyambizi na ije iichukue."

Hilo nililifasiri neno kwa neno. Kijana wa watu akavaa kofia yake, akampigia Mama saluti, safari hii si ya mzaha, akateremka ngazi. Hatukumwona tena.

Kisha majirani wakaja na lawama zilizofungwa ndani ya pole. Mwanamke aliyefiwa na mwana bila ghonnella ni aibu gani hii? Fumua hayo mafuvu, wakasema, kitambaa bado kizuri, Dolor atakiunga. Mama alikwenda kanisani na kitambaa cha jikoni chenye maua, kichwa juu, akapita katikati ya wanawake waliovaa ghonnella nyeusi tii. Aliwaambia ghonnella ni ya waliofiwa, yake iko kazini. Na kila nyambizi ilipotoka au kuingia Manoel, aliitundika bendera roshanini, kuwe na ndege kuwe hakuna. Mwanzoni mabaharia walishangaa. Baadaye wakawa wanavua kofia, na Mama akawa anawakaripia kwamba kofia huvuliwa maiti.

Mimi nilidhani haamini kwamba Wenzu amekufa. Niliogopa akili yake. Vita vikaisha, nyambizi zikahamishwa, kina mama wakaanza kuvaa makoti badala ya ghonnella, na bado hakuna aliyethubutu kumtajia Wenzu kwa wakati uliopita.

Alasiri moja nilimkuta karibu na dirisha, bendera mapajani, sindano mkononi, yeye ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumsaliti. Chini ya mistari yangu alikuwa anashona kitu kwa uzi mweupe, mishono mirefu iliyokwenda upande. Niliinama. Ulikuwa upawa.

"Wameandika meli walizozamisha," alisema bila kuinua uso. "Hawakuandika nani aliwapikia."

Nikajua kwamba alikuwa anajua, tangu siku ya viazi. Nililia. Yeye hakulia, aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Nilipomtungia akaniambia siku yake ikifika nimvalishe nguo yake kama alivyosema siku zote, na nisiifumue hata mshono mmoja.

Padri Spiru alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho, mikono kati ya magoti. Akapendekeza niigeuze basi, fuvu liwe upande wa ndani. Nikamwambia Mama hakuwahi kuigeuza. Akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini Mungu ataliona."

"Na auone upawa pia," nikajibu.

Padri akainuka, akachukua maji ya baraka, akamnyunyizia Mama kote, na kwenye fuvu akasita, kisha akanyunyizia na hapo. Mkasi ulibaki mfukoni mwangu.

Tulimpitisha njia ya pwani, ingawa ndiyo ndefu. Mbele ya Manoel niliwaambia wachukuzi wasimame. Pale zilipokuwa zikifungwa nyambizi palikuwa na maji matupu na mtu mmoja anavua samaki. Miaka yote ile Mama alikuwa amengoja nyambizi ije ichukue bendera yake. Haikuja, basi akaamua kuipeleka mwenyewe.