Mpini wa Mama Nkwabi

Likizo ndefu ya mwaka 1976 ilipokaribia, wanafunzi wenzake Salvina pale Mlimani waligombea nafasi za mafunzo kwenye wizara na mashirika ya Dar es Salaam, mahali penye feni na chai ya saa nne. Yeye aliomba Shinyanga. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Salvina alikuwa mtoto wa Ushirombo, na tangu aingie kitivo cha sheria baba yake, katekista Apolinari, alikuwa amewatangazia waumini wote kwamba binti yake ni mwanasheria, ilhali alikuwa na mwaka mzima wa kusoma mbele yake. Mtu akishabebeshwa sifa ya namna hiyo, lazima aende mahali akaifanyie kazi.

Alipokelewa na mradi wa visima vifupi uliofadhiliwa na watu wa Ulaya, ambao ofisi yake ilikuwa Ngokolo. Mkuu wa mradi alikuwa mhandisi mrefu aliyeitwa Ansgar, mtu wa haki lakini mwenye haraka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka pale alipokasirika. Wiki za mwanzo Salvina alisoma mikataba na kusahihisha barua. Kisha likazuka shauri la Mwangolo.

Mwangolo ni kijiji cha upande wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako kiangazi kikikaza mto hubaki mchanga mtupu. Mradi ulichimba kisima hapo, ukaweka pampu yenye mpini wa mbao. Mara mbili fundi Herman alipita jioni akitoka vijiji vya mbele, na mara zote mbili alikuta pampu haina mpini. Mara ya tatu alijibanza kichakani akamnasa mwizi wake: mama mtu mzima, mpini kaufunika kwa khanga, anaelekea kwake. Akamuuliza kama ameuchukua yeye. Mama akajibu ndiyo, wala hakuulizwa zaidi ya hapo.

Kwa Ansgar mambo yalikuwa yamekwisha. Shauri lilipelekwa kwenye baraza la usuluhishi la kata, na Salvina akapewa kazi ya kusimama upande wa mradi na kushtaki. Mama huyo akionekana ana hatia, pampu ingeng'olewa na kupelekwa Tinde, kwa watu ambao wangeitunza.

"Ndugu Salvina," Ansgar alimwambia, "ripoti yako ya chuoni nitaiandika baada ya shauri hili."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama anayetaja siku ya kuletwa saruji.

Tuseme ukweli, Salvina alifurahi. Ilikuwa kesi yake ya kwanza. Mahakama ya mwanzo mawakili hawaruhusiwi hata kuisogelea, lakini barazani kila mtu alikwenda na mdomo wake, na Salvina wa kwake alikuwa nao. Njia nzima aliinoa hotuba, huku dereva Ignas akimwita Mheshimiwa Jaji na kumuuliza kama majaji nao hutapika barabara ikiwa mbaya.

Walifika siku moja kabla ya baraza, jua likiwa bado juu. Salvina alitaka kwanza kuona mahali penyewe, kama alivyofundishwa. Alikuta akina mama wamepanga ndoo, maji yanatoka, mpini uko pale pale unapostahili kuwa. Akaizunguka pampu. Pembeni kulikuwa na matawi ya miiba yamerundikwa kwa utaratibu, na kuizunguka pampu yenyewe ardhi ilikuwa na alama za miiba hiyo hiyo kuburutwa, kwenda na kurudi.

Hapo Salvina alisimama. Alimkumbuka bibi yake, Anisia, na kisima alichokuwa akichimba mchangani kila kiangazi. Jua likizama bibi aliziba mdomo wa kisima kwa miiba, akachukua kata yake ya kutekea, akaenda nayo nyumbani. Kisima kikiachwa wazi, wachungaji huja gizani kunywesha ng'ombe, na asubuhi unateka tope. Kikifungwa, hulala kikajaa. Na kata ilikuwa ndiyo ufunguo: aliyeondoka nayo ndiye mwenye jukumu, na kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa amekwisha kuirudisha.

Ile hotuba iliyonolewa kutoka Ngokolo yote ilimyeyukia kinywani.

Akaomba aonyeshwe nyumba ya Mama Nkwabi, maana ndilo jina la mshtakiwa wake. Alimkuta uani anapepeta mtama. Salvina akapiga goti akaamkia, shikamoo yake ikapokelewa, akakalishwa kwenye kigoda. Akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ile ya kichakani: kwa nini?

Mama Nkwabi aliweka ungo chini. "Hapo mlipochimba palikuwa kisima changu, na kabla yangu cha mama yangu," alisema. "Mkaja, kata yangu ikawa haina kazi, mkaweka huo mti wa pampu. Sasa nilitakiwa nifunge na nini?"

"Kesho nimetumwa kukushtaki, mama."

"Basi sema yaliyo kweli, mwanangu. Mimi kusihi watu siwezi."

Alisema hivyo bila hasira, akarudia ungo wake. Salvina alimpenda mama yule papo hapo kwa kiburi chake.

Asubuhi Ansgar alifika vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, wazee wa baraza wamekwisha kukaa. Salvina alijaribu kumvuta kando amweleze. Ansgar akamwambia aliseme lolote alilo nalo mbele ya baraza, ndiyo maana ya baraza. Salvina aliiona ripoti yake ikienda na maji.

Mzee Valerian, mwenyekiti, akamwita. Salvina akasimama. Akamuuliza fundi Herman kama amewahi kuja asubuhi akakuta mpini haupo. Herman akajikuna kisogo. Asubuhi hakuwahi kuja. Akawauliza akina mama kama kuna hata mmoja aliyewahi kufika alfajiri akakosa maji. Mmoja wao, Melania, akacheka akasema yule mama huwatangulia wote. Akawageukia wanaume na kuuliza nani hunywesha ng'ombe gizani. Wachungaji wakatazama makubazi yao.

"Sheria niliyofundishwa haisemi kuchukua ni kuiba," Salvina alisema. "Mwizi huchukua akikusudia usikione tena kitu chako. Mama huyu hufunga kisima jioni na kukifungua alfajiri, kama mama yake. Nimetumwa na mradi kushtaki mwizi. Simwoni. Namwona mlinzi ambaye mradi haukumwomba na kijiji hakikumshukuru."

Watu wote walimtazama Ansgar. Naye alimwinamia Herman, akamuuliza hali ya pampu za vijiji vya jirani. Herman akajibu kwa sauti iliyosikika na wote: zote zinatoa tope, isipokuwa hii. Ansgar akasimama, akavua kofia, akamwomba Mama Nkwabi msamaha kwa Kiswahili kibovu kabisa, ila safari hii hakuwa na hasira. Pampu ikabaki Mwangolo. Baraza likamtamka Mama Nkwabi mfungaji wa kisima mbele ya watu wote, na Ansgar akaagiza kila kijiji kiulizwe kwanza nani alikuwa akifunga pale kabla ya mradi.

Jioni gari lilipokuwa linapakiwa, Mama Nkwabi alimwita Salvina kisimani. Akachomoa pini, akatoa mpini, wakaburuta miiba pamoja. Kisha, badala ya kuufunika kwa khanga, akamwekea Salvina mikononi.

"Leo beba wewe," alisema. "Watu wakuone."

Salvina akautweka begani. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akakatiza nao kijiji kizima, Mama Nkwabi ubavuni mwake na khanga yake mabegani, wakapita duka la ushirika, wakapita wazee wa baraza, wakakutana na wachungaji waliosogeza ng'ombe wao pembeni kuwapisha. Ignas alifuata nyuma akitafuta la kutania, akalikosa. Bega liliuma, na Salvina hakutaka kusaidiwa. Alijivuna, akatamani waumini wote wa Ushirombo wawe pale njiani. Baba yake hakuwa amewadanganya. Alikuwa amewahi tu kidogo.