Gurudumu la Wabwile

Gurudumu la injini lilikuwa na ufa, na Wabwile aliujua tangu Jumapili. Aliupaka grisi usionekane. Mavuno yalikuwa yameanza Kitale, foleni ya mahindi haikukatika mlangoni mwa kisiagi chake, na kufunga hata wiki moja ni kumkabidhi jirani wateja wote. Basi akaendelea kusaga unga roho ikiwa juu, sikio limetegwa kwenye chuma. Alijipa moyo: siku kitakapolia, nitazima dizeli, mambo yaishe.

Jumamosi bintiye Nasambu, mwalimu wa fizikia huko Bungoma, alikuja kumjulia hali. Wabwile alimwekea kiti mlangoni penye hewa, mkabala na gurudumu. Mfuko wake wa unga ulikuwa umeshafungwa pale pembeni. Binti wa msagaji harudi kwake mikono mitupu.

"Wanafunzi wamenibana," Nasambu alisema, akishindana na ngurumo ya injini. "Ati shimo jeusi linawezaje kulipua anga?"

"Hata mimi nauliza. Si ulisema linameza hadi mwanga? Mlafi kama huyo atatoa nini?"

Jepkorir, mteja aliyekuwa akisubiri na gunia lake, alicheka. "Mwalimu, huyu mzee aliacha shule mapema, lakini maswali hakuyaacha huko."

"Moto hautoki ndani yake, baba. Nyota kubwa ikifa, kiini chake huporomoka na kuwa shimo jeusi linalozunguka kwa kasi ya kutisha. Nguvu za sumaku hulishika kama mkanda huu wa kinu ulivyoshika gurudumu lako. Zinanyonya ule mzunguko na kuutupa nje, mkondo huku, mkondo kule. Kwa sekunde chache tu unatoka moto unaoshinda ule ambao jua litatoa maisha yake yote. Wataalamu bado wanabishana, lakini wengi wanaona hivyo."

"Na dizeli yake ni nini?"

"Hakuna dizeli. Nguvu imekaa kwenye mzunguko wenyewe."

Wabwile wiki nzima alikuwa ameweka tumaini lake kwenye tangi la dizeli. Azime asizime, chuma kile kingeendelea kubeba mzunguko wake pamoja na ufa wake, na mwanawe ameketi mbele yake. Akafungua mdomo amwambie ahame. Lakini angemwambia ahame kwa nini? Akaufunga.

Ndipo chuma kikalia. Tik. Tik.

"Tokeni nje! Nasambu, toka hapo!"

Akakata dizeli. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fimbo ya kuchomolea mkanda, kama wafanyavyo wasagaji wote wa huku mambo yakiharibika, ili kinu kisikwame. Akasita. Mkanda ukitoka, ni nini kitakachonyonya mzunguko? Akaitupa fimbo, akanyanyua gunia la Jepkorir, akalimimina lote kwenye mdomo wa kinu. Kinu kikalemewa, kikakoroma. Mkanda ukafuka moshi. Gurudumu likapunguza mwendo, likapunguza tena, kisha likapasuka kabla halijasimama. Kipande kikaruka hadi mlangoni na kugonga kiti, sasa kitupu. Kingekuwa na kasi yake yote, kingepasua ukuta na kuifikia foleni.

Vumbi lilipotulia Nasambu aliingia, akainamia kile kipande. Upande mmoja wa mpasuko ulimetameta, mpya. Upande wa pili ulikuwa mweusi. Akaugusa kwa kidole.

"Hii grisi si ya leo."

"Ni ya Jumapili."

"Na kiti ukaniwekea hapa."

Wabwile alitazama miguu yake mwenyewe.

Jioni, Nasambu akiwa amesharudi Bungoma, Wabwile alihesabu hasara. Gurudumu moja. Mkanda mmoja. Gunia la Jepkorir, limegeuka chenga zilizonuka moshi. Kiti kimoja, miguu miwili imekatika. Na mfuko wa unga, umefungwa vizuri, pale pale alipouweka asubuhi.